Namna ya Kulizuru Jumba la Biltmore na Kuzielewa Bustani Zake

Wageni wengi wanaofika Biltmore, jumba la ukoo wa Vanderbilt lililoko Asheville katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, hukimbilia mlango mkuu, huzunguka vyumbani kwa muda wa saa mbili, hupiga picha uwanjani na kuondoka. Huwa wameliona jumba, lakini kazi yenyewe imewapita. Kilichofanyika pale kati ya 1889 na 1895 kilikuwa kazi moja: nyumba na ardhi vilichorwa pamoja na watu wawili waliopatana, Richard Morris Hunt akishughulikia majengo, na Frederick Law Olmsted akishughulikia ardhi, maji na mimea. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine ya kulizuru jumba hilo, yaani kuanzia barabarani, kuingia ndani ukiwa tayari umeshaielewa ardhi, kisha kutoka tena na kuzifuata bustani hadi zinapokwisha.

Kabla ya safari

Inafaa kwanza kumjua mwenye nyumba. George Washington Vanderbilt alizaliwa mwaka 1862, akiwa kitindamimba katika watoto wanane wa William Henry Vanderbilt. Utajiri wa ukoo huo ulianza na babu yake, Cornelius, aliyevusha watu na mizigo kwa mashua katika bandari ya New York, akaingia katika meli za mvuke na hatimaye katika reli. George hakuvutwa na biashara. Alipenda vitabu, sanaa na safari. Mwaka 1888 alifika Asheville pamoja na mama yake, akapendezwa na hewa na mandhari ya milima ya Blue Ridge, akaanza kununua mashamba kidogo kidogo kwa kuwatumia mawakala, hadi eneo lake likafikia takriban ekari 125,000.

Ardhi hiyo haikuwa tupu, na haikuwa msitu wa asili uliokuwa ukisubiri kupambwa. Kulikuwa na watu. Miongoni mwao ni wanajumuiya ya Shiloh, Wamarekani weusi waliokuwa na makazi, kanisa na makaburi yao hapo, ambao walihamia sehemu nyingine ya Asheville baada ya ardhi yao kununuliwa, nao wakalichukua jina la Shiloh na kwenda nalo. Udongo nao ulikuwa umechoka kwa kilimo cha miaka mingi, na miti iliyofaa ilikuwa imeshakatwa. Mgeni akilibeba jambo hili moyoni tangu mwanzo ataelewa kwamba karibu kila mti mkubwa anaoupita njiani ulipandwa, au uliachwa kwa makusudi, na mtu aliyekuwa na mpango.

Kuhusu tiketi, hununuliwa kwa tarehe, kuingia ndani ya jumba kuna saa yake iliyopangwa, na bei hubadilika kufuata siku na msimu. Chagua saa ya kuingia iliyo karibu na saa tano asubuhi, lakini fika mapema zaidi, ili saa ya kwanza uitumie nje. Aprili ni mwezi wa tulipu. Azalea huchanua kuanzia Aprili hadi Mei. Waridi huwa katika ubora wake kuanzia mwishoni mwa Mei. Na Oktoba majani ya miti milimani hugeuka rangi. Kama lengo lako ni bustani, nenda Mei. Kipindi cha Krismasi hupendwa sana na watu, lakini mapambo huziba mengi ambayo mpenda usanifu angependa kuyaona. Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Charlotte wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwani ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari.

Barabara ya kuingilia

Ukishapita lango la nje, punguza mwendo. Barabara ya kuingilia ina urefu wa takriban kilomita tano, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu bora kuliko zote katika kazi ya Olmsted hapa. Tajiri mwingine angenyoosha njia pana yenye miti iliyopangwa safu mbili, ili jumba lionekane kutoka mbali na kumtisha mgeni. Olmsted alikataa kabisa. Aliipitisha barabara mabondeni, akaifanya ifuate vijito, akapanda vichaka na miti kwa wingi kandokando hadi ikawa kama hakuna kitu kingine duniani ila kijani, maji na kona inayofuata. Tazama jinsi mimea ilivyopangwa kwa kimo: iliyo mifupi imekaribia njia, ya wastani iko nyuma yake, na mirefu nyuma zaidi, na katikati kuna mimea isiyopukutisha majani, kama rododendroni, ili hata wakati wa baridi pasiwe na uwazi. Usitafute mandhari ya mbali, kwa sababu hutayapata. Yamefichwa kwa makusudi.

Kisha, ghafla, vichaka vinakwisha. Njia inapita kati ya nguzo za mawe zenye sanamu za sfinksi, kiumbe wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, na kutokea kwenye uwanja mpana, tambarare, ulionyooka, na jumba zima liko mbele yako. Utaratibu wa leo huwapeleka wageni kwenye maegesho kwanza, kisha huletwa kwa basi dogo au kwa miguu, hivyo baadhi yao hawaonji mgeuko huo inavyostahili. Dawa yake ni rahisi: ukifika uwanjani, usiende mlangoni. Tembea hadi ukingo wa mbali wa uwanja, upande wa mashariki, mahali zilipo ngazi za mawe zinazopanda kilima kwa kupindapinda na ziitwazo Rampe Douce, uzipande hadi juu, kisha ugeuke.

Kuutazama uso wa jumba

Ukiwa hapo juu una nafasi ya kulisoma jumba lote kwa utulivu. Uso wake una urefu wa takriban mita 114, na eneo la sakafu zote ni zaidi ya mita za mraba 16,000, likiwa na vyumba 250. Hunt alilijenga kwa mtindo wa makasri ya Ufaransa ya karne ya 16. Yeye na Vanderbilt walitembelea Ufaransa na Uingereza pamoja kutafuta mifano, na makasri ya Blois, Chenonceau na Chambord yalichangia sana. Kushoto mwa mlango utaona mnara wa ngazi ya mzunguko wenye madirisha yanayopanda kwa mshazari. Wazo hilo limetoka Blois, ila kule ngazi iko wazi kwa upepo na mvua, na hapa Hunt ameifunika kwa vioo, jambo la busara kwa mahali penye theluji.

Wengi hudhani kwamba jumba lina pande mbili zinazofanana. Hazifanani. Kushoto kuna uzito wa mnara, na kulia kuna paa la vioo lililo chini na jepesi, la Bustani ya Majira ya Baridi. Kulia zaidi yako mabanda ya farasi, yaliyowekwa upande wa kaskazini ili yakinge upepo mkali usiupige uwanja wa mbele. Usawa wa jengo hili umetokana na kupima uzito wa kila sehemu dhidi ya nyingine, na jicho huridhika bila kujua kwa nini.

Mawe yaliyotumika ni ya chokaa, na yaliletwa kwa treni kutoka Indiana. Ili yafike, ilijengwa reli maalumu kutoka njia kuu hadi eneo la ujenzi, na kando yake kikajengwa kiwanda cha matofali kilichoweza kutoa takriban 32,000 kwa siku. Ukiinua macho hadi kwenye paa lenye mwinuko mkali utaona vigae vya mawe meusi na, kwenye kingo, shaba yenye herufi za kwanza za jina la mwenye nyumba.

Ndani ya jumba

Hapa nashauri uchague. Vyumba ni vingi, na akili huchoka kabla ya miguu. Ukiingia, elekea kwanza kulia, kwenye Bustani ya Majira ya Baridi, chumba cha duara kilichozama kidogo chini ya usawa wa sakafu nyingine, chenye paa la vioo na mimea ya jamii ya mitende, na katikati yake chemchemi yenye sanamu iliyotengenezwa na mchongaji Karl Bitter. Chumba hiki ndicho kiungo cha nyumba. Kukizunguka kuna ukumbi wa karamu, chumba cha biliadi na vyumba vya kupumzikia, na kutoka karibu kila upande unaona kijani kikiwa ndani ya nyumba, kabla hujafika dirisha lolote. Wazo la Olmsted kwamba nyumba na bustani visitengane limekubaliwa na Hunt ndani ya kuta zake mwenyewe.

Ukumbi wa karamu una urefu wa mita 22 hivi, upana wa mita 13, na dari iliyo takriban mita 21 juu. Ni mkubwa mno kwa chakula, na naona haya hata kuuita chumba. Simama kwenye mwisho wake mmoja, utazame mazulia ya ukutani ya Flanders ya karne ya 16 na meko tatu zilizopangwa pamoja upande wa pili, kisha uendelee.

Maktaba inastahili muda zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha George Vanderbilt alivyokuwa. Ina vitabu zaidi ya 10,000, na dari yake imefunikwa na mchoro wa Giovanni Antonio Pellegrini uliotolewa katika kasri la Pisani, Venice. Karibu na meko, juu, kuna njia iliyofichwa nyuma ya ukuta wa bomba la moshi, ambayo wageni waliolala ghorofa ya pili waliitumia kushuka kuchukua kitabu bila kupita kwenye kumbi kubwa.

Unapopanda ngazi kuu, yenye vipandio 102, elekeza macho katikati yake, mahali ambapo kandili la chuma lenye uzito wa takriban kilo 770 linaning'inia kwa kupita ghorofa nne. Ghorofa ya pili, katika ukumbi wa kupumzikia, pana picha mbili za rangi za kimo cha mtu mzima, zilizochorwa na John Singer Sargent mwaka 1895. Moja ni ya Hunt na nyingine ni ya Olmsted. Simama kati yake. Katika nyumba za matajiri wa zama zile, nafasi kama hiyo ilikuwa ya mababu na wenye mali. Vanderbilt aliwapa mafundi wake wakuu. Hunt anaonekana katika mavazi ya heshima akiwa na kazi yake ya mawe nyuma yake, na Olmsted, mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, amezungukwa na mimea ya milimani. Hunt alifariki Julai 1895, miezi michache kabla jumba halijafunguliwa mkesha wa Krismasi, na mwaka huohuo Olmsted alistaafu kwa sababu ya afya. Biltmore ilikuwa ya mwisho katika kazi kubwa za wote wawili.

Vyumba vya kulala vipite kwa haraka, kisha shuka orofa ya chini ya ardhi, ambayo watu waliochoka huiruka. Huko ndiko unakoelewa jinsi nyumba ilivyofanya kazi: majiko tofauti ya kuoka na ya kuchoma nyama, vyumba vya baridi vya kuhifadhia chakula, sehemu za kufulia na kukaushia nguo, na vyumba vya kulala vya wafanyakazi wa kike. Hukohuko kuna bwawa la kuogelea la lita takriban 265,000 lililowekewa taa chini ya maji, wakati nyumba nyingi za eneo lile hazikuwa na umeme kabisa.

Katika chumba cha bwawa, tazama dari. Vigae vyembamba vya udongo vimepangwa kama ukili wa mkeka, kimoja kikikipokea kingine kwa mshazari, hadi vikaunda kuba pana lisilo na boriti wala nguzo katikati. Ni kazi ya Rafael Guastavino, fundi kutoka Hispania aliyehamia Marekani na kupeleka huko ufundi huu wa zamani wa kwao. Vigae huwekwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa lipu inayokauka upesi, hivyo fundi husonga mbele akisimamia sehemu ambayo yeye mwenyewe ameimaliza, bila kuhitaji kiunzi kizito cha mbao kuishikilia kutoka chini. Tao lake ni jepesi, linabeba mzigo mkubwa na haliungui. Tao la lango la nje ni la ufundi huohuo, nalo unaweza kulitazama tena unapoondoka.

Kabla ya kwenda bustanini, pita kwenye baraza ya nyuma, upande wa magharibi. Ile mandhari ya mbali uliyonyimwa njia nzima unapewa hapa yote kwa mara moja: bonde la malisho, mto French Broad, na safu za milima hadi kilele cha Pisgah chenye urefu wa takriban mita 1,744, ambacho nacho wakati mmoja kilikuwa mali ya Vanderbilt. Sasa unaweza kuelewa kwa nini barabara ilificha kila kitu.

Bustani, kwa mpangilio wake

Kanuni ya bustani za Biltmore ni moja na ni rahisi kuikumbuka: kadiri unavyoondoka nyumbani, ndivyo mkono wa binadamu unavyojificha. Kwa hiyo zizuru kwa kushuka, wala usichague moja moja kutoka kwenye ramani.

Anza na Bustani ya Kiitaliano iliyo karibu kabisa na jumba. Ina mabwawa matatu yenye maumbo ya kijiometri, yenye mayungiyungi ya maji, na kuta na nyasi zake zimenyooka kwa kufuata mistari ya jengo. Hiki ni chumba kingine cha nyumba, kisicho na dari tu. Kutoka hapo njia inaingia Bustani ya Vichaka, na mistari iliyonyooka inakoma: vijia vinapinda, vichaka vya aina mbalimbali vinapishana kuchanua, na mara mbili au tatu utapotea kidogo, kama ilivyokusudiwa.

Bustani ya Ukuta, yenye ekari nne, inahitaji maelezo. Vanderbilt aliitaka iwe ya mboga na matunda, kama desturi ya mashamba ya matajiri wa Uingereza, lakini Olmsted alimshauri iwe ya maua. Ukuta wa mawe unahifadhi joto la jua na kukinga upepo, na mteremko wake unaelekea kusini, kwa hiyo mimea huamka mapema kidogo kuliko ile iliyo nje. Tembea katikati, chini ya kivuli cha mizabibu, ukitazama jinsi vitanda vya maua vya pande mbili vinavyolingana, kisha utoke upande wa chini penye waridi. Mwisho wake kuna nyumba ya mimea ya vioo iliyochorwa na Hunt. Imewekwa huku chini, mbali na macho, ili paa lake lisiharibu mandhari inayoonekana kutoka juu. Ingia, hasa kama siku ni ya baridi.

Baada ya hapo wageni wengi hurudi. Wewe shuka. Bonde linalofuata ni Bustani ya Azalea, yenye takriban ekari 15, na humo mna kazi ya maisha ya Chauncey Beadle. Mkanada huyu aliajiriwa mwaka 1890 kusimamia kitalu cha miche, akakaa Biltmore kwa miaka 60. Kwa miaka mingi alizunguka kusini-mashariki mwa Marekani akitafuta azalea za asili, na mwaka 1940 mkusanyo wake ukawa wa Biltmore na bonde likapewa jina hilo. Kama una bustani yako mwenyewe, chunguza namna alivyozipanda chini ya miti mirefu, mahali jua linapofika likiwa limechujwa.

Njia inamalizikia Bass Pond, bwawa lenye daraja, kibanda cha mashua na maporomoko. Yeyote asiyejua angeapa kuwa ni la asili. Olmsted alilipanua kutoka kwenye lambo dogo la zamani, na akaweka njia ya pekee ya kupitisha maji ya mafuriko, ili matope ya mvua kubwa yasijaze bwawa. Hapa hakuna mstari hata mmoja ulionyooka, na ukigeuka hutaliona jumba. Kurudi juu ni kupanda, kwa hiyo acha nguvu za kutosha, na viatu viwe vya kutembelea.

Msitu na waliojenga

Olmsted alimwambia Vanderbilt wazi kwamba ardhi ile haikufaa kuwa bustani pana ya mtindo wa Kiingereza, na kwamba ingefaa zaidi kupanda msitu na kuuendesha kitaalamu. Mwaka 1892 Gifford Pinchot aliajiriwa kwa kazi hiyo, na baadaye Carl Schenck, Mjerumani, ambaye mwaka 1898 alifungua hapo shule ya misitu. George Vanderbilt alipofariki mwaka 1914, mjane wake, Edith, aliiuzia serikali takriban ekari 87,000, ambazo zikawa kiini cha Msitu wa Taifa wa Pisgah. Leo eneo la Biltmore ni kama ekari 8,000, na bado ni mali ya wazao wa ukoo huo. Ukiwa na siku ya pili, itumie Pisgah. Huko ndiko kuliko na sehemu kubwa zaidi ya kazi hii, na kuingia msituni hakuhitaji tiketi ya jumba.

Kama siku ni moja tu, acha ghorofa za juu na uhifadhi saa tatu kwa bustani. Ukitoka, pita katika mji wa Asheville wenyewe na ulitafute jengo la Young Men's Institute, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa mkopo wa Vanderbilt baada ya Isaac Dickson na Edward Stephens kumwomba mahali pa kukutania na kujielimisha kwa ajili ya watu weusi, wakiwemo wengi waliofanya kazi ya kulijenga jumba. Lilichorwa na Richard Sharp Smith, aliyekuwa msimamizi wa Hunt pale Biltmore, na jumuiya yenyewe ililipa deni na kulimiliki.